Jibu: geti la bei poa kwa fensi ya ng'ombe

Mkuu umeuliza geti gani la bei nafuu kwa fensi ya seng'enge yenye njia nne za kupitisha ng'ombe. Mi nakushauri la chuma weka moja tu, pale mnapopita kila siku asubuhi na jioni, na liwe na upana wa mita 4 hivi ili trekta na tela lake vipite bila kukwangua nguzo. Hizo njia nyingine tumia geti la waya, yaani seng'enge ile ile unaifunga kwenye fito tatu nne zilizosimama, fito ya mwisho inaingia chini kwenye kitanzi cha waya kwenye nguzo halafu juu unaivisha kitanzi kingine, basi. Ubaya wake linalegea, na likikazwa sana watoto hawawezi kulifunga wanaliacha hivyo hivyo, ng'ombe hao kwenye mahindi ya jirani na hapo ni kesi.

Hilo la chuma mwambie fundi wa kuchomelea, zile pini za kwenye nguzo zinazoshika bawaba za geti, ya juu aigeuze iangalie chini, ya chini iangalie juu, maana pini zote zikiangalia juu ng'ombe akiingiza pembe akanyanyua, geti lote linachomoka. Nguzo ya kubebea ndo usibane hela kabisa, tafuta mkaratusi mnene uliotiwa dawa, shimo mita 1, shindilia udongo kidogo kidogo. Ikilala, hata geti la milioni litaburuza chini tu.