Ukija Uskoti, jihadhari na maneno unayodhani unayajua

Wengi wetu tunaokuja Uskoti kusoma, au kufanya kazi ya uuguzi na kutunza wazee, tunafika na cheti cha mtihani wa Kiingereza, IELTS au OET, chenye alama nzuri, na Kiingereza tulichokisoma tangu shule ya msingi. Halafu zamu ya kwanza inaanza. Kwenye makabidhiano unamsikia mwenzako akizungumza kwa kasi kitu kinachofanana na Kiingereza, lakini hukishiki. Hicho ni Kiskoti, lugha ya wenyeji wa huku. Usitishike. Nimefanya kazi Aberdeen, sasa niko Glasgow, na nimewapokea wageni wa kutosha kujua shida inakaa wapi. Neno usilolijua kabisa halina hatari kubwa, kwa kuwa utaliuliza. Linalowaponza watu ni neno la Kiingereza walilolizoea, ambalo huku lina maana nyingine.

Chukua "greet". Sote tulifundishwa kwamba ni kusalimia. Huku ni kulia machozi. Sasa msikilize muuguzi wa usiku anapokabidhi habari za bibi mmoja: "She's been greetin aw night, her oxter's sair, and she had the dry boak at the back ae five." Anayetegemea Kiingereza cha darasani ataelewa kwamba bibi amekuwa mchangamfu, anasalimia kila anayepita, na ataendelea na mgonjwa mwingine. Kumbe ameambiwa kwamba bibi amelia usiku kucha, kwapa linamuuma, na saa kumi na moja alfajiri na dakika chache alitaka kutapika lakini hakikutoka kitu. Huyo ni mtu wa kuangaliwa kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Hapo kwenye saa pasikupite hivi hivi, hasa kama kichwani bado unahesabu saa za Kiswahili. "Back of seven" ni saa moja kamili ikishapita, tuseme mpaka robo hivi. "Half seven" ni saa moja na nusu. Msimamizi akikwambia kwa simu kwamba gari litakuchukua "back of six", uwe mlangoni saa kumi na mbili kamili, kwa sababu linaweza kufika wakati wowote kuanzia hapo.

Maneno ya mwili na maradhi ndiyo ningekuomba uyashike mapema kuliko yote. "Peely-wally" ni mtu aliyepauka, hana rangi ya afya. "Wabbit" ni aliyeishiwa nguvu. "Hirple" ni kuchechemea. Mtu akisema amekaa "in a dwam", akili ilikuwa imehama kidogo, na kwa mzee hilo ni la kuandika kwenye kumbukumbu zake na kumwambia muuguzi. "Cowp" ni kupinduka au kuanguka, "shoogly" ni kitu kinachocheza-cheza, liwe jino au kiti. "I cannae thole it" maana yake siwezi kuvumilia tena, na mzee wa Kiskoti hasemi hivyo kwa maumivu madogo. "Jag" ni sindano. Ukiulizwa kama umeshapata "flu jag", unaulizwa kuhusu chanjo ya mafua. "Stookie" ni plasta ngumu ya mfupa uliovunjika.

Halafu kuna vinywaji. Mzee akiomba "juice", mara nyingi anataka soda, wala hana habari na maji ya matunda. Glasgow utasikia pia "ginger", ukadhani ni tangawizi, kumbe ni soda ya aina yoyote. Kama mtu ana kisukari, uliza anataka ipi hasa kabla hujamletea.

Ukiuliza kwa nini wanaongea hivi, baadhi watakujibu kwamba ni Kiingereza cha mtaani. Usikubali. Kiskoti kilitokana na Kiingereza cha kale cha kaskazini, kikakua njia yake, na Uskoti ilipokuwa ufalme wake wenyewe kiliandikiwa sheria na mashairi. Katika sensa ya 2022, watu wapatao milioni 1.5 walisema wanakizungumza. Mwaka 2025 bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kukipa hadhi rasmi pamoja na Kigaeli, ambacho ni lugha tofauti kabisa. Lakini wazee unaowahudumia walikuwa watoto katika enzi ambapo mwalimu angeweza kumchapa mtoto kwa kusema "aye" badala ya "yes". Waliosoma Kenya wakavishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani wanalijua jambo hili bila kuelezwa. Ndiyo maana mzee akimwona mgeni hujikaza kuongea Kiingereza cha shule. Maumivu yakizidi, au akiwa na ugonjwa wa kusahau, lugha ya mama ndiyo inayobaki. Basi pale anapokuhitaji zaidi, hapo ndipo utakaposhindwa kumwelewa kama hukujiandaa. Jiandae, ndugu yangu. Anastahili.

Mtaani mambo ni mepesi. "Where do you stay?" ni swali la unaishi wapi. "Messages" ni mahitaji ya nyumbani, kwa hiyo anayekwenda "for the messages" anakwenda dukani. "Piece" ni mkate uliotiwa kitu katikati, na "tea" mara nyingi ni chakula cha jioni. "Close" ni ngazi na ukumbi mnaotumia pamoja kwenye jengo la ghorofa, na mwenye nyumba anaweza kukwambia ni zamu yako kuufagia. Mvua ina majina mengi. Anza na "dreich", siku ya mawingu mazito na unyevu usiokwisha, utaisikia sana. "How?" ni kwa nini. Ukisema huwezi zamu ya Jumamosi na bosi akasema "How no?", anataka sababu.

Ukipangiwa Aberdeen na vijiji vyake, ongeza somo jingine, maana huko maneno ya kuulizia huanza na f. "Fit" ni nini, "fan" ni lini, "fa" ni nani, na "far" ni wapi. Mtu akikuuliza "Far ye gaun?" hasemi chochote kuhusu umbali, anauliza unakwenda wapi. Salamu yao ni "Fit like?", na "Nae bad" ni jibu tosha. "Loon" ni mvulana, "quine" ni msichana. Mtoto mdogo ni "bairn" huko na Edinburgh, lakini Glasgow ni "wean".

Kuna dada wanaoudhika Glasgow wanapoitwa "hen" na mtu wasiyemjua. Ni neno la upole kwa mwanamke, na dereva wa basi atalitumia kwa msichana wa chuo na kwa bibi wa miaka tisini. Sisi tuliolelewa na shikamoo tunatafuta heshima kwenye umri. Wao huku wanaionyesha kwa ukaribu.

Mtu akisema jambo usilolielewa, usitikise kichwa kana kwamba umeelewa. Mwombe arudie, na bado ikishindikana mwombe aseme kwa namna nyingine. Hawachoki kurudia, na wengi hufurahi kueleza. Kwenye kumbukumbu za mgonjwa, andika maneno yake kama alivyoyatamka, ndani ya alama za kunukuu, kisha maana uliyoithibitisha. Usiige lafudhi yao. Ongea Kiingereza chako taratibu, watakusikia. Jioni fungua kamusi ya Dictionaries of the Scots Language, iko bure mtandaoni, utafute maneno mawili matatu uliyoyasikia siku hiyo.

Na ukishapata mkataba wa kazi au wa chumba, usome ukilitafuta neno "outwith". Wageni hulisoma kama "without", wakaelewa "bila". Maana yake ni nje ya. "Outwith working hours" ni nje ya saa za kazi, na mara nyingi sentensi hiyo ndiyo inayoeleza nani anakulipa, na nani umpigie simu, pakitokea jambo usiku.