Mwenye nyumba hataki rampu? Mrudie na vipimo

Msomaji mmoja wa Mbagala ametuandikia. Kijana wake anatumia kiti mwendo, wamepata vyumba viwili vya kupanga, na mwenye nyumba amekataa katakata baraza lake kuguswa ili kuwekwa rampu, yaani mteremko wa kupandishia kiti. Anauliza akashtaki wapi. Kabla ya kushtaki, mama, chukua tepu ya kupimia.

Ukimwambia mwenye nyumba "naomba uturekebishie nyumba", kichwani mwake anaona baraza limebomolewa na gharama zisizo na mwisho. Ukimwambia "rampu ya sentimita 180, upana mita 1, mifuko 2 ya saruji, fundi siku moja", sasa ana jambo la kujadili. Akikataa hapo, angalau mnajua amekataa nini.

Hesabu yenyewe ni hii: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinakupa hizo 180. Fundi atasema "tuifupishe kidogo, nafasi hakuna". Msimkubalie. Kwenye rampu fupi magurudumu ya mbele hunyanyuka na kiti hupinduka kwa nyuma, mtu akatangulia kisogo. Zege liwe ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto, limwagiwe maji siku 7. Fundi asipige niru (ule mpako laini wa saruji juu) hata kama anaona inapendeza, kwa sababu mvua ikinyesha inateleza kama sabuni. Apitishe fagio zege likiwa bichi, mistari ikate njia. Pembeni ainue kingo za sentimita 10 ili gurudumu lisichomoke. Juu, mbele ya mlango, paachwe tambarare ya sentimita 150 kwa 150, maana huwezi kushika kitasa huku kiti kinarudi nyuma. Na chini, pale rampu inapokutana na ardhi, pangeni mawe na zege kidogo. Pakiachwa udongo mtupu, masika moja tu inatosha kuwatengenezea ngazi mpya.

Halafu choo, ambacho watu hukikumbuka wakishahamia. Kiti mwendo cha kawaida kina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mlango wa choo wenye fremu ya 70 haukipitishi. Tafuta uwazi wa 80, ukipata 90 bora zaidi. Mlango ufungukie nje: mtu akianguka ndani, mlango unaofungukia ndani anauziba kwa mwili wake mwenyewe, na nyinyi mko nje mnasukuma. Kama choo ni cha kuchuchumaa, kile kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati hakifai kwa anayejihamisha kwa mikono, kwani miguu ya kiti hupanuka mtu akiegemea upande mmoja. Fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya chuma ya kimo cha sentimita 45, miguu imetanuka. Bomba la kushikia liwe la chuma, kama sentimita 70 kutoka sakafuni, boliti zipenye ukuta mzima na zikazwe kwenye bamba upande wa pili. Skrubu na plagi kwenye tofali la saruji zitang'oka siku ile ile anapolihitaji. Mtu mzima alining'inie kwanza ndipo fundi alipwe.

(Tumechoka na picha za kukabidhiana viti mwendo. Kiti kinapokelewa kwa makofi, kisha kinalala barazani kwa sababu mlango hakipiti.)

Haya yote yajadiliwe kabla ya kodi ya miezi 6 kutoka mfukoni. Ukishalipa, huna cha kumshawishia. Andikeni ukurasa mmoja: nani ananunua saruji, kama gharama itakatwa kwenye kodi ni kiasi gani kila mwezi, na mkihama rampu inabaki au inavunjwa. Msaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Sheria ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni Namba 9 ya mwaka 2010. Lakini nguvu yake iko zaidi kwenye majengo yanayotumiwa na umma. Kwa zahanati, ofisi ya kata au nyumba za mradi, itumieni kwa barua, ikiwezekana kupitia chama kilicho chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini. Barua iende michoro ikiwa bado mezani, maana kupanua mlango kwenye karatasi ni kufuta mstari. Peleka nakala 2, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Barua isiyo na mhuri ofisini haikuwahi kufika.

Sasa turudi Mbagala. Umesema baraza lina kozi mbili za tofali. Hiyo ni kama sentimita 48, kwa hiyo rampu ya mita 5 na sentimita 76, tena huenda ikabidi ipinde kona. Mwenye nyumba yeyote angeshtuka. Ila mlango wa uani hukuutaja. Nyumba nyingi za namna hiyo zina kizingiti kifupi kwa nyuma. Kapime. Kikiwa 15, mwachie baraza lake.