Kabla ya Kuuliza Vipimo: Ushauri kwa Anayeanza Kujifunza Vyakula vya Asili vya Jamii Nyingine

Anayeanza kujifunza kupika vyakula vya asili vya jamii isiyo yake kwa kawaida huanza kwa kuuliza vipimo: vikombe vingapi vya mchele, vijiko vingapi vya bizari, dakika ngapi motoni. Kwa miaka mingi nimepika na kuwafundisha wengine vyakula vya nyumbani vya pwani, vya bara na vya nchi jirani, na ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayeingia katika kazi hii ni kwamba maswali hayo yasubiri. Karibu kila chakula cha nyumbani kina hatua moja inayokibeba, na mara nyingi hatua hiyo hufanyika kabla moto haujawashwa, au wakati ambapo mgeni anadhani kazi imekwisha. Mwenye chakula huenda asiitaje kabisa, kwa sababu ameiona tangu utotoni na haihesabu kuwa ni maarifa. Kazi yako ya kwanza ni kuitafuta hatua hiyo na kuelewa inafanya nini.

Chukua kisamvu, chakula ambacho ningependa kila mwanafunzi aanze nacho. Majani ya muhogo huliwa katika eneo kubwa sana: Tanzania huungwa kwa nazi au karanga, Kongo, ambako huitwa sombe upande wa mashariki na pondu Kinshasa, hupikwa kwa mawese na mara nyingi kwa samaki, Rwanda na Burundi huitwa isombe. Mgeni akionja mapishi haya matatu atavutiwa na tofauti za viungo, naye atakimbilia kuuliza mawese ni kiasi gani na karanga zisagwe vipi. Lakini kinachowaunganisha wapishi hawa wote ni kinu. Majani ya muhogo yana kemikali ambazo, seli za jani zinapopasuka, huvunjika na kutoa sumu ya sianidi. Kutwanga ndiko kunakozipasua seli hizo, na kuchemsha kwa muda mrefu huiondoa sumu pamoja na mvuke, kwa kuwa sumu hiyo huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo majani hutwangwa mpaka yalainike kabisa, hubandikwa na maji mengi, na sufuria huachwa wazi. Nyumba ninazozifahamu huchemsha kwa saa moja au zaidi, mpaka maji yapungue na ile harufu ya ubichi iishe, ndipo huanza kufikiria nazi au mawese.

Ninaeleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu mwanafunzi mwenye haraka huona kutwanga kuwa ni suala la ulaini tu, akakatakata majani kwa kisu na kuyapika kama mchicha. Hilo ni hatari. Muhogo wenyewe umeshatoa onyo kubwa kuliko maneno yangu. Katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame wa mwaka 1985, watu waliolazimika kutegemea muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na ambao hauponi. Konzo ilikuwa tayari imeelezwa na madaktari huko Kongo tangu mwaka 1938. Wazee wa maeneo hayo walijua kuloweka, kuvundika na kuanika, na ujuzi wao ulikuwa kamili. Njaa ndiyo iliyowanyima muda wa kuutumia. Ukiona hatua ambayo inachukua siku nzima na hujui sababu yake, usiifupishe mpaka uijue.

Historia ya mahindi inafundisha vivyo hivyo kwa upana wa dunia. Wenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati walichemsha mahindi katika maji yenye chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na kufanya hivyo huachilia vitamini ya niasini ambayo vinginevyo mwili hauwezi kuipata kwa urahisi. Wazungu walipoyachukua mahindi waliiacha hatua hiyo, na pelagra, ugonjwa unaotokana na upungufu wa niasini, ukawatesa maskini waliotegemea mahindi kaskazini mwa Italia katika karne ya 18 na ya 19, na baadaye kusini mwa Marekani. Walichukua nafaka wakaacha upishi. Mimi huwasimulia wanafunzi wangu habari hii mapema, kabla hawajashika mwiko.

Sasa, hatua inayokibeba chakula utaipataje? Kwanza, fika mapema. Ukialikwa kupika saa sita mchana na ukatokea saa sita, utakuta majani yametwangwa, maharage yamelowekwa na nyama imekatwa, na utakachojifunza ni kukoroga. Omba ruhusa ya kwenda sokoni na mwenyeji wako, umwone anavyochagua: kwa nini ameacha lile fungu la ndizi akachukua hili, kwa nini amevunja ncha ya bamia, kwa nini amemrudishia muuzaji nazi baada ya kuitikisa karibu na sikio. Jikoni ni mahali pa heshima. Msalimu mama wa nyumba kama umri wake unavyostahili, na kama kuna bibi ndani, nenda kamwamkie kwanza, kwani mara nyingi yeye ndiye mwenye chakula hata kama hashiki tena mwiko. Uliza kama kuna jambo ambalo mgeni hafanyi katika jiko lile. Kuna nyumba ambazo nyama isiyochinjwa kwa taratibu za dini haiingii, na hata sufuria iliyopikia nyama hiyo haikubaliki.

Pili, usimkatize kwa vipimo. Mpishi wa nyumbani hupima kwa kiganja, kwa jicho na kwa harufu, na ukimlazimisha ataje idadi ya vijiko atakutajia yoyote ili asikuvunje moyo. Njia ninayoipenda ni kuweka bakuli tupu kando yake na kumwomba kila kitu akiweke humo kwanza kabla ya kukitia chunguni. Chumvi aliyoichota kwa vidole utaipima wewe kwa mizani, kimyakimya, kisha utamrudishia. Andika pia dalili anazozitazama. Akisema kitunguu "kimekubali", muulize anaona nini: rangi, harufu, au mafuta yanayojitenga pembeni? Dalili hizo zina thamani kuliko dakika, kwa sababu jiko lako la gesi na jiko lake la mkaa havifanani.

Wali ni mfano mzuri wa udhaifu wa vipimo. Mchele mpya hunywa maji kidogo kuliko mchele uliokaa ghalani, mchele wa Kyela hauhitaji maji sawa na pishori ya Mwea, na basmati huvumilia kulowekwa kuliko aina nyingine nyingi. Anayekuambia vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele anakupa mahali pa kuanzia tu. Katika pilau, hatua ninayotaka uishike ni kitunguu: kikaangwe polepole mpaka kiwe cha kahawia iliyokolea bila kuungua, kwani rangi ya pilau na sehemu kubwa ya ladha yake vinatoka hapo, na hakuna wingi wa bizari unaoweza kuziba pengo la kitunguu kilichotolewa mapema. Baada ya hapo kuna kupalia, yaani kuweka makaa juu ya kifuniko ili wali ukauke kwa joto la juu na la chini. Mwenye tanuri anaweza kuiga hali hiyo vizuri tu.

Kwenye makande, ambayo Wapare wanasifika kwayo, maharage hulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea humwagwa, na chungu huchemka kwa nguvu mwanzoni. Maharage mekundu hasa yana sumu ya asili inayohitaji mchemko mkali wa angalau dakika 10. Wengi huongeza magadi ili yalainike haraka. Magadi yanafanya kazi hiyo kweli, kwa sababu hulegeza kuta za seli za mbegu, lakini pia huharibu vitamini B1, na yakizidi chakula huwa na ladha ya sabuni. Tia punje kidogo, au usitie kabisa ukiwa na muda. Waluhya wa magharibi mwa Kenya hutumia kwa mrenda na kunde maji yaliyochujwa kutoka katika majivu ya mimea, na ukiyatazama kwa makini utaona kwamba ni maarifa ya aina ile ile waliyokuwa nayo wenyeji wa Mexico. Inanifurahisha sana kila ninapoliona hilo kwa mwanafunzi aliyeligundua mwenyewe.

Matoke ya Uganda yanahitaji majani ya mgomba. Ndizi humenywa, hufungwa ndani ya majani, huwekwa juu ya mabua yaliyopangwa chini ya sufuria, zikaiva kwa mvuke. Kisha hupondwa zikiwa bado ndani ya majani na kurudishwa motoni kwa moto mdogo. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, kwa sababu utomvu huacha madoa. Anayechemsha ndizi majini na kuziponda amepata chakula kinacholika, ila hajapika matoke.

Chakula kitakachokufundisha uvumilivu kuliko vyote ni injera, mkate mwororo wenye matundu wa Ethiopia na Eritrea. Unga wa tefu, nafaka ya punje ndogo sana, huchanganywa na maji pamoja na kiasi cha majimaji ya chachu yaliyohifadhiwa kutoka mchanganyiko uliopita, ambayo huitwa ersho, kisha huachwa siku mbili au tatu. Juu hujitokeza maji ya rangi ya manjano. Hayo humwagwa, na sehemu yake huwekwa kwa ajili ya safari ijayo. Wengi huishia hapo, wakamimina mchanganyiko kwenye kikaango na kupata mkate bapa, mzito, usio na matundu. Kilichorukwa ni absit. Sehemu ndogo ya mchanganyiko huchukuliwa, hupikwa na maji mpaka iwe uji mwepesi, hupozwa ikawa vuguvugu, na hurudishwa ndani ya mchanganyiko, ambao huumuka tena kabla ya kumiminwa. Tefu haina gluteni, ile protini ya ngano inayoshika hewa, na uji huo ndio unaosaidia kuzishika povu. Kwenye mitad, kikaango kikubwa cha duara, mchanganyiko humiminwa kwa kuzungusha kutoka ukingoni kuelekea katikati. Macho yakishajitokeza hufunikwa, na injera huiva upande mmoja tu, haigeuzwi. Usitegemee kwamba ya kwanza itafanikiwa, hata kwa wapishi wazoefu kikaango huhitaji kuzoea moto. Chachu inayotunzwa vizuri huimarika kadiri inavyotumika, kwa hiyo pika mara kwa mara badala ya kupika nyingi siku moja.

Wanaojifunza wakiwa Ulaya, Amerika ya Kaskazini au nchi za Ghuba huniuliza zaidi kuhusu vibadala. Sipingi vibadala, kwani watu waliohama wamevitumia siku zote, na boko boko ya ngano na nyama inayopikwa pwani ya Afrika Mashariki ni ndugu wa harisi ya Oman iliyozoea mazingira mapya. Ninachoomba ni mpangilio: pika kwanza kama ulivyoonyeshwa, au karibu na hapo uwezavyo, mpaka ujue kila kitu kinafanya kazi gani. Ukijua kwamba jani la mgomba linahifadhi mvuke na kutoa harufu, utajua kwamba karatasi ya alumini inatimiza la kwanza na kukosa la pili. Majani ya muhogo yaliyotwangwa na kugandishwa hupatikana katika maduka ya vyakula vya Kiafrika, na wengi hudhani yameshapikwa. Yachukulie kuwa ni mabichi, uyachemshe kwa muda ule ule ambao ungechemsha yaliyotoka kinuni. Tui la kopo nalo ni zito. Lipunguze kwa maji kwa ajili ya kupikia, na uache kiasi cha tui zito la kutia mwishoni, ukikoroga bila kuacha ili lisikatike.

Kuhusu kuandika unachojifunza, fanya hivyo kwa bidii, na taja mahali na jamii uliyojifunzia. Kenya ilianza mwaka 2007 kazi ya kuorodhesha vyakula vya asili ikiwashirikisha wanafunzi wa shule, na mwaka 2021 UNESCO iliiingiza kazi hiyo katika rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Nyingi ya hatua nilizozieleza hapa ziko katika vichwa vya akina mama na akina bibi ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Andika "hivi ndivyo anavyopika mama huyu wa Same" badala ya "hivi ndivyo Wapare wanavyopika", kwa kuwa nyumba mbili za kijiji kimoja hutofautiana, na mwenye nyumba ya pili ana haki ya kukukosoa.

Mwisho, mpelekee mwenye chakula ulichopika. Hapa inabidi ujue kwamba adabu itamfanya akisifu. Usiulize kama ni kizuri. Muulize, "Mama, kama ungekuwa wewe, ungefanya nini tofauti?" kisha unyamaze na umpe muda wa kuonja tena. Atakuambia chumvi imechelewa, au kitunguu kimetolewa mapema, au majani hayakutwangwa ya kutosha, naye atakuambia kwa upole ambao ukiharakisha hutausikia. Tazama pia watoto wa nyumba hiyo, kwa kuwa wao hawana adabu hiyo ya wakubwa: wakimaliza na kunyoosha sahani tena, nenda kwenye chakula kinachofuata, wakiacha, omba ruhusa ya kurudi wiki ijayo, ufike asubuhi.