Siku ya tano ni mapema mno kusema dawa imemkataa

Mleta mada, nimekuelewa hivi: mdogo wako yuko Uyole, Mbeya, ana miaka 27, ameandikiwa fluoksetini ya miligramu 20 kwa ajili ya sonona. Leo ni siku ya tano. Asubuhi anasikia kichefuchefu mpaka uji unamshinda, usiku anageukageuka tu kitandani, mikono inatetemeka, na sasa anasema dawa imemkataa, anataka kuzitupa chooni. Halafu kuna mchangiaji wa Iringa hapo juu aliyepewa amitriptilini, dawa nyingine ya sonona. Mdomo unamkauka, anaamka saa 4 asubuhi kichwa kizito kama aliyekesha kilabuni, na amemshauri mdogo wako "ameze moja ya zangu usiku, atalala". Hilo la mwisho ndilo limenifanya niandike kwa urefu. Asimeze. Sababu nitaieleza huko chini.

Kwanza muda. Dawa za sonona zina tabia moja inayowakatisha tamaa watu wengi: maudhi yanatangulia, nafuu inakuja nyuma yake. Fluoksetini inaanza kuongeza serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe mwilini, siku ileile ya kwanza. Na sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo, wala si kichwani, ndiyo maana tumbo linalalamika kabla ya kitu kingine chochote. Ubongo wenyewe unachukua wiki kadhaa kujipanga upya, na nafuu ya moyo inategemea huko kujipanga. Kwa wengi kichefuchefu, kuumwa kichwa na mtetemo huwa vikali wiki ya kwanza, vinapungua wiki ya pili. Usingizi na hamu ya kula huanza kurudi kati ya wiki ya 2 na ya 4. Huzuni yenyewe inaweza kuchukua wiki 4 hadi 8 kulegea. Mara nyingi wa nyumbani ndio wanaoona mabadiliko kabla ya mgonjwa: ameoga bila kuambiwa, ameuliza mtoto amekula nini. Kwa hiyo siku ya tano haiwezi kukuambia kama dawa imemkubali au imemkataa. Inakuambia tu kwamba imeingia mwilini.

Sasa kichefuchefu. Nina wasiwasi anameza kapsuli akiwa na chai ya rangi tu tumboni. Ale kwanza, hata kidogo: viazi viwili vya kuchemsha, au ndizi, au nusu kikombe cha uji mwepesi usio na sukari nyingi. Ndipo ameze kapsuli kwa glasi nzima ya maji, akiwa amekaa wima, na asijilaze kwa nusu saa. Kapsuli iliyomezwa kwa funda moja la maji inaweza kunata kooni na kuleta kiungulia ambacho watu wanakichanganya na kichefuchefu cha dawa. Chipsi na vitu vya kukaanga avipumzishe wiki hizi mbili. Ale kidogokidogo mara tano kwa siku badala ya milo mitatu mikubwa. Tangawizi inasaidia wengi: kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kiponde, kichemke dakika 10, anywe kwa mafunda madogo. Akitapika baada ya kumeza, asirudie kapsuli nyingine, asubiri kesho. Fluoksetini inakaa mwilini siku nyingi, dozi moja iliyopotea haiharibu kitu. Akisahau, vivyo hivyo, asifidie kwa kumeza mbili.

Wapo wanaoshauriwa kuhamishia dozi baada ya chakula cha usiku ili kichefuchefu kiwapitie wamelala. Ushauri ni mzuri kwa anayelala vizuri. Mdogo wako halali, kwa hiyo kapsuli ibaki asubuhi, kabla ya saa 3.

Na hapo kwenye usingizi kuna jambo la huku kwetu. Baridi ya Juni na Julai inatufanya tunywe chai kutwa, ya Rungwe au ya Mufindi, nzito, kikombe juu ya kikombe mpaka saa 3 usiku. Anayetoka Mbozi ataongeza na kahawa. Kafeini inaleta mtetemo na mapigo ya moyo yaleyale ambayo dawa mpya inaleta, vinajumlishana. Abaki na kikombe kimoja asubuhi, na baada ya saa 6 mchana ahamie maji ya moto yenye tangawizi au mchaichai. Vinywaji vya kuongeza nguvu aviache kabisa. Mchana asilale zaidi ya nusu saa, hata kama amechoka. Kama wiki ya pili inaisha na bado analala kwa saa mbili tatu tu, arudi kwa daktari, kuna njia za kumsaidia kwa muda mfupi. Asinunue dawa ya usingizi dukani kwa kuelekezwa na jirani.

Sasa ile sababu ya kusema amitriptilini ya mwenzake asiiguse. Ini lina kimeng'enya kinachovunja amitriptilini ili itoke mwilini. Fluoksetini inakizuia kimeng'enya hicho. Kidonge cha miligramu 25 ambacho kwa mtu mwingine ni kidogo, kwa anayetumia fluoksetini kinajikusanya damuni kana kwamba amemeza kingi zaidi, na amitriptilini ikizidi inagusa umeme wa moyo: mapigo yanavurugika, mtu anaanguka, hata degedege linaweza kuja. Madaktari wakati mwingine huziandika pamoja, ila kwa dozi ndogo na kwa kumfuatilia mgonjwa. Kugawana vidonge sebuleni ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu mtetemo: tofautisha vitu viwili. Mikono kutetemeka kidogo na wasiwasi unaokuja na kuondoka ni maudhi ya kawaida. Lakini kama hawezi kukaa, anasimama, anakaa, anazunguka uani, miguu haitulii na anasema anajisikia kama anataka kutoka nje ya ngozi yake, hilo si la kuvumilia. Mpigie aliyemwandikia dawa siku hiyohiyo. Daktari anaweza kushusha dozi, au kumwelekeza ameze siku moja aruke moja kwa muda, jambo linalowezekana kwa fluoksetini kwa kuwa inatoka mwilini polepole. Asijipangie mwenyewe, na asifungue kapsuli kukadiria unga kwa macho.

Ndugu wa Iringa, zamu yako. Amitriptilini ni dawa ya usiku, ila si ya saa ya kulala. Ukiimeza saa 4 usiku, uzito wake unakukuta asubuhi kazini. Imeze saa 1 au saa 2 usiku, na uzito mwingi utaisha kabla hakujakucha. Wiki ya kwanza usiendeshe bodaboda asubuhi, na kama unafanya kazi kwenye mashine za mbao kama wale wa Mafinga, omba kazi ya mbali na msumeno mpaka uone kichwa kimekaa sawa.

Kizunguzungu cha amitriptilini kinakuja unaposimama, kwa sababu dawa inazuia mishipa kubana haraka na presha inashuka ghafla. Hatari ipo saa 9 usiku, choo kiko nje, baridi kali, unaruka kutoka kitandani ili uwahi kurudi kwenye blanketi. Fanya hivi: kaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, hesabu mpaka 60, kunjakunja vifundo vya miguu, ndipo usimame ukishika ukuta. Wazee wa nyumbani wanaotumia dawa hii wawekewe ndoo chumbani, kuvunjika nyonga ni janga kubwa.

Mdomo mkavu unatokana na mate kupungua. Piga funda la maji kila mara, tafuna bigijii isiyo na sukari. Pipi usizifanye dawa, maana mdomo usio na mate unaoza meno haraka. Piga mswaki mara mbili kwa siku. Choo kigumu kinazuilika mapema kuliko kinavyotibika: ugali wa dona badala ya sembe, maharage, majani ya maboga, papai, parachichi ambalo Njombe na Tukuyu halina shida kupatikana, maji yasipungue lita 2, na kutembea nusu saa. Siku tatu bila choo, rudi kituoni. Mkojo ukigoma kutoka, au jicho likauma na kuona ukungu mkali, nenda siku hiyohiyo. Mwenye tezi dume iliyokua, presha ya macho au ugonjwa wa moyo alipaswa kusema kabla ya kupewa. Kama hukusema, sema sasa.

Na ulanzi au komoni, acha kabisa wiki hizi za mwanzo. Pombe na amitriptilini vinalaza vyote viwili, na kesho yake huzuni inarudi imeongezeka.

Dawa nyingine ndizo zinazowaingiza watu kwenye shida bila kujua. Tramadoli ya maumivu pamoja na fluoksetini inaweza kupandisha serotonini kupita kiasi: homa, jasho, misuli kukakamaa na kurukaruka, kuharisha, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya hospitali. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaongeza hatari ya tumbo kutoka damu. Kwa kichwa kinachouma atumie parasetamoli kwa kipimo cha kawaida. Aliyetoka Kyela na malaria amwambie mhudumu anatumia dawa ya sonona kabla ya kupewa dawa mseto, hasa akiwa kwenye amitriptilini. Anayehudhuria CTC, yaani kliniki ya VVU, au yuko kwenye dozi ya TB apeleke kasha la dawa hizi huko, wazione. Baadhi ya dawa hizo zinapandisha au kushusha kiwango cha dawa ya sonona damuni.

Sasa yale ambayo si maudhi ya kuvumilia, ni ya kumrudisha hospitali. Wiki za kwanza, hasa kwa walio chini ya miaka 25 na kila dozi inapobadilishwa, mawazo ya kujiua yanaweza kuzidi. Muulize mdogo wako wazi, kwa maneno hayohayo: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, mpelekeni hospitali. Kwa sasa vidonge vyote vikae kwa mtu mwingine, apewe cha siku, na dawa za kupulizia viazi na nyanya zifungiwe stoo, ufunguo usiwe nyumbani mnapolala. Jambo la pili ni furaha isiyo ya kawaida: halali na hachoki, anaongea bila kupumua, anagawa hela, ana mipango kumi kwa siku. Huenda ana ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, na dawa hii peke yake haimfai. La tatu ni vipele mwili mzima au uso kuvimba. La nne, kwa wazee hasa wanaotumia dawa za presha za kukojosha, ni kuchanganyikiwa na unyonge mkubwa, chumvi ya damu inaweza kuwa imeshuka.

Hamu ya tendo la ndoa kupungua, au kuchelewa kufika, ni maudhi ya fluoksetini ambayo mara nyingi hayaondoki yenyewe. Watu wanaona aibu, wanaacha dawa kimyakimya na kusema imewakataa. Mwambieni daktari, dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa.

Kwa sasa mpe mdogo wako daftari dogo. Kila jioni aandike mistari mitatu: alimeza saa ngapi, alilala kwa saa ngapi, na kichefuchefu akipe namba kati ya 0 na 10. Akirudi kliniki siku ya 14, aende na daftari na kasha la dawa. Daktari akiona 8, 7, 7, 5, 3 ataamua tofauti na akisikia tu "inanisumbua". Akishapona, dawa inaendelea miezi 6 hadi 12 ndipo ishushwe polepole. Amitriptilini ikikatwa ghafla inaleta kichefuchefu, jasho na kukosa usingizi. Kwa hiyo, iwe dawa ipi kati ya hizi mbili, zikibaki dozi 7 mgonjwa apange safari ya kuzifuata, asisubiri ya mwisho. Kwa wanaotoka Makete au Ileje wakati wa masika, wahesabu 10, maana barabara ikikatika gari linaweza lisipite siku tatu.