Hawa nao walikutana wapi?

Maswali ya safari hii yanahusu waimbaji wa miziki isiyofanana walioishia kwenye wimbo mmoja. Nimechagua manne.

Ni kweli Freddie Mercury, yule mwimbaji wa kundi la roki la Queen, mzaliwa wa Unguja, aliwahi kuimba na mwanamama wa opera?

Kweli, tena albamu nzima. Mama mwenyewe ni Montserrat Caballé, soprano (mwimbaji wa sauti ya juu ya kike) wa Barcelona, na Freddie alikuwa shabiki wake wa kufa. Walikutana Machi 1987 katika hoteli ya Ritz mjini humo. Freddie alikwenda na kaseti ya wimbo usio na maneno, kauimba mwenyewe kwa sauti nyembamba ya juu, akimwiga bibie. Wengine wangenuna. Caballé aliupenda, na siku chache baadaye akauimba jukwaani London.

Kwa kuwa mama alikuwa na safari nyingi, Freddie na mpiga kinanda Mike Moran walitangulia kurekodi za majaribio, Freddie akiimba sehemu yake na ya Caballé pia, ili mama ajifunzie humo. Linganisha na biti inayotumwa WhatsApp ikiwa na ujumbe "weka vesi hapo". Ndiyo maana ukisikiliza "Barcelona" humsikii Freddie akijitia opera wala Caballé akijitia roki. Panapotakiwa sauti ipae, Freddie anampisha mama.

Wimbo ulitoka 1987, albamu 1988. Michezo ya Olimpiki ilipofika Barcelona mwaka 1992, Freddie alikuwa ameshafariki, Novemba 1991. Wimbo ukatolewa upya na kushika nafasi ya pili Uingereza. Wanaolalamika kwamba jukwaani walipiga pleibeki hawakosei. Mimi nimewasamehe.

Kuna video ya zamani David Bowie anaimba wimbo wa Krismasi na mzee mmoja mtulivu. Yule ni nani?

Bing Crosby, Mmarekani, mfalme wa nyimbo laini enzi za redio. Walirekodi kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha Krismasi, Septemba 1977 huko Elstree, karibu na London. Mzee ana miaka 74, Bowie, mwanaroki wa Uingereza, 30. Bowie aliukataa wimbo aliopangiwa, "Little Drummer Boy", akisema haumfai. Watunzi wakakimbilia kwenye piano na kwa muda wa saa moja na kidogo wakatunga wimbo mwingine unaokaa juu ya ule wa kwanza. Hivyo Crosby anashikilia wa zamani, Bowie anapita juu yake na mpya. Ukataaji ule ndio uliozaa uzuri wote. Crosby alifariki Oktoba, kabla kipindi hakijarushwa.

Rap na roki zilianza kuchanganywa na nani?

Wa kwanza kabisa tutabishana mpaka asubuhi. Waliofungua mlango kwa kishindo ni Run-DMC, kundi la rap, na Aerosmith, kundi la roki, mwaka 1986, walipourudia wimbo wa Aerosmith wa 1975, "Walk This Way". Tafuta video: makundi mawili yametenganishwa na ukuta, yanasumbuana kwa kelele, hadi Steven Tyler, mwimbaji wa Aerosmith, anautoboa ukuta kwa stendi ya maiki.

Mimi ni kijana wa bongo fleva, nataka kumshirikisha mwimbaji wa taarabu. Nimwandikie mistari?

Usimwandikie. Mpe mada na biti, mwache atunge. Msikilize Khadija Kopa kwenye "Nasema Nawe" ya Diamond Platnumz (2015): ameingia na mipasho yake ileile ya taarabu, wala hajajifanya binti wa mjini. Offside Trick nao walimwita Bi Kidude kwenye "Ahmada", na sauti yake wakaiacha na mikwaruzo yake yote.

Halafu mwachie nafasi. Mtu wa taarabu huvuta neno, hulizungusha, ndipo hulishusha. Ukimbana kwenye mistari minane ya haraka utamharibia. Na malipo mkubaliane kabla hajaingia studio.