Hati ina jina la marehemu mume: uanzie wapi?

Pole sana kwa msiba, dada. Umeuliza kama cheti cha ndoa na cha kifo vinatosha kwenda ofisi ya ardhi kubadilisha jina kwenye hati ya ardhi. Havitoshi, labda hati iwe na majina yenu wawili kama wamiliki wa pamoja. Hapo Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inasema sehemu ya marehemu inahamia kwa aliyebaki, hivyo cheti cha kifo kina nguvu. Lakini kama kila mmoja ana fungu lake, fungu la mume linaingia kwenye mirathi.

Kwako hati ina jina lake peke yake, basi anzia mahakamani. Ukoo ukae, muandike muhtasari wa kikao wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi (anaweza kuwa wewe mwenyewe, usikubali kutishwa na mashemeji). Mahakama ya Mwanzo ikikuteua utapewa Fomu Namba 4 (hati ya uteuzi wa msimamizi), ndiyo inayokupeleka kwa Msajili wa Hati. Jina litakaa kwanza kama msimamizi, halafu utahamisha kwa warithi. Kumbuka una miezi 4 ya kurudisha orodha ya mali mahakamani. Wengi wanasahau hapa.

Kagua pia herufi za majina mapema. Mama yangu alizungushwa wiki tatu kwa sababu hati iliandikwa "Saidi" na cheti cha kifo "Said". Kiapo kimoja cha wakili kilimaliza kazi.

Ndoa yenu ilikuwa ya kanisani, msikitini au ya bomani? Hilo linaweza kubadilisha mahakama ya kwenda.