Kujua batiki ya mkono kwenye mabanda ya Nanenane Nzuguni

Geuza kitambaa dada, batiki ya mkono (kitambaa kinachopakwa nta ili rangi isishike palipopakwa) rangi inakolea pande zote mbili maana kitambaa kizima kinazamishwa kwenye beseni la rangi, ile ya kuprintiwa kiwandani mara nyingi nyuma imepauka. Cheki pia vimstari vyembamba kama nyufa, hapo nta ilikunjwa na kitambaa ikapasuka rangi ikapenya, na hakuna ua linalofanana kabisa na mwenzake hata kama wamegonga nta kwa muhuri uleule. Mamdogo wangu anatengeneza hapahapa Dodoma nyumbani kwake na mi ndo huwa namsaidia kuchemsha kitambaa kutoa nta, kazi yake si ya kitoto jamani, ukitaka rangi tatu unapaka nta unazamisha unaanika halafu unaanza tena, kwa hiyo gauni likiwa bei juu kidogo usimkandamize mtu. Ila angalizo, vitenge vya waksi, vile vya kiwandani, navyo vina rangi pande zote hivyo usiishie kugeuza tu, tafuta maandishi ya kiwanda kwenye pindo, ukiyaona hiyo ni mashine. Na ukinunua ifue peke yake mara ya kwanza.